Ya Kichwa au ya Chombo? Hesabu za Safari kwa Mwenye Mfuko Uliotoboka

Mara yetu ya kwanza kwenda Hifadhi ya Mikumi tulikuwa wawili tu, mimi na mke wangu, na mwezi mzima kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kuulizia kiingilio. Kila niliyemuuliza alinitia hofu: mbugani kwa wazungu, mbugani dola, utauza kiwanja. Siku ilipofika nikakuta kiingilio cha Mtanzania mtu mzima ni shilingi 5,000, ukiweka na VAT 5,900. Wawili, 11,800. Hiyo ni pesa ya kuku mmoja wa kisasa na mkaa wa kumpikia. Lakini akiba yote tuliyoondoka nayo nyumbani ilikwisha siku hiyo hiyo, imeliwa na gari la kukodi lililotuingiza ndani. Bei ya gari sikuwa nimeitilia maanani hata kidogo, kwa sababu niliyekuwa namwogopa ni mtu wa getini.

Tulikaa viti viwili. Viti vitano vilikuwa vitupu, navyo nilivilipia.

Tangu siku ile nimeacha kuuliza safari fulani ni bei gani. Swali hilo halina jibu, na anayekujibu haraka anakudanganya au anakuuzia kitu. Ninachouliza sasa ni kila gharama inahesabiwa kwa nini. Kuna inayohesabiwa kwa kichwa: kiingilio, tiketi ya treni, sahani ya wali. Kuna inayohesabiwa kwa chombo: gari, boti, bajaji, na hiyo haijali mmekaa wangapi. Kuna ya chumba, ambayo ni ndugu wa ile ya chombo ila ina vituko vyake. Kuna inayobebwa na tarehe. Na kuna inayobebwa na kitambulisho kilichomo mfukoni mwako. Ushauri mwingi wa kubana matumizi safarini huzichanganya zote kwenye chungu kimoja kisha husema "jibane". Mtu anajibana kweli, anakunywa chai kavu siku tatu, anaokoa shilingi elfu tisa, halafu anapanda teksi peke yake kutoka bandarini.

Turudi kwenye gari la Mikumi, maana hapo ndipo mambo yanapoonekana vizuri. Tuchukue kwamba gari la siku moja, pamoja na dereva, mafuta na ada ya gari lenyewe kuingia hifadhini, ni shilingi 280,000. Bei halisi utapatana nayo mwenyewe, hii ni ya kufanyia hesabu tu. Mkiwa wawili, kila mmoja anabeba 140,000, ukiongeza kiingilio chake inakuwa 145,900. Mkiwa saba, kila mmoja anabeba 40,000, na kiingilio kilekile, jumla 45,900. Twiga ni yuleyule. Tembo hajui mmelipa ngapi. Tofauti ya laki moja kwa kila mtu imetoka kwenye viti vitupu, na hakuna kujinyima chakula kokote duniani kutakakokurudishia laki moja kwa siku moja.

Ndiyo maana nasema mbuga zetu si ghali kwa wenyeji. Kilicho ghali ni kwenda mbugani mkiwa wachache. Serengeti yenyewe, ambayo mgeni kutoka nje hulipa dola 60 hadi 70 kabla ya VAT kutegemea msimu, raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 10,000 kabla ya VAT. Kinachomfanya mtu wa Mwanza au Musoma asifike ni gari na umbali.

Na kuna njia ya kuiona Mikumi bila gari la kukodi kabisa, ingawa watu wa utalii hawapendi kuitaja. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa imeikata hifadhi katikati kwa kilomita kama hamsini. Ukipanda basi la mchana pale Msamvu, stendi ya Morogoro, kwenda Mikumi mjini au Iringa, ukakaa dirishani, utapita humo kwa nauli ya kawaida. Swala utawaona hakika, twiga mara nyingi, tembo na nyati ukiwa na bahati. Basi halitasimama ili upige picha, na madirisha ya mabasi yetu unayajua yalivyo. Ila kwa mzazi mwenye watoto watatu na laki moja ya mwezi mzima ya starehe, hiyo si safari ya kudharau.

Zanzibar mambo ni yaleyale, ila yamevaa kanzu. Boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe, pale Forodhani, hupatanwa kwa boti nzima, kwenda na kurudi. Ukifika kisiwani ndipo unapokutana na kiingilio cha kila mtu. Vijana wa boti wanalijua hilo kuliko wewe, kwa hiyo akikuona uko peke yako atakutajia bei ya boti, na akikuona na kundi atakutajia bei ya kichwa, ambayo ukiizidisha inapita ile ya boti. Jibu lake ni fupi: "Boti nzima shilingi ngapi?" Halafu simama pembeni dakika ishirini utafute wenzako wa kugawana. Pale hawakosekani, nao wanakutafuta wewe.

Teksi ya kutoka mjini kwenda Nungwi ni ya chombo. Daladala namba 116 ya kwenda hukohuko Nungwi ni ya kichwa, na nauli yake ni sehemu ndogo sana ya teksi. Mkiwa wawili na mabegi mepesi, hakuna ubishi, pandeni 116. Mkiwa watano na watoto na begi la magurudumu, pigeni hesabu kabla ya kujivunia umaskini, kwa sababu teksi ikigawanywa kwa watano inaanza kukaribia mahali pa maana, na daladala ya shamba inasimama kila mti.

Chumba nacho kina maajabu yake. Watu saba ni idadi nzuri kwa gari la mbugani. Kwa vyumba ni balaa. Mkilala wawiliwawili mnahitaji vyumba vinne, na mmoja wenu analala peke yake kwenye kitanda cha watu wawili, na ugomvi wa nani alipie nafasi iliyobaki utaanza kabla begi halijawekwa chini. Kwa bajaji ndiyo kabisa: bajaji inabeba watatu, kwa hiyo saba ni bajaji tatu, na ya tatu ina mtu mmoja. Sita ingekuwa afadhali kwa vyumba na kwa bajaji, lakini gari lingebaki na kiti kitupu. Treni haijali lolote kati ya haya. Sijawahi kupata idadi inayoridhisha vyombo vyote, na aliyeipata anisaidie. Ninachofanya ni kuangalia ni kipi kizito zaidi katika safari hiyo, kisha idadi ya watu inafuata hicho. Safari ya mbuga inafuata gari. Safari ya ufukweni, ambako mtakaa siku nne mahali pamoja, inafuata vyumba.

Kundi lina ugonjwa wake pia, na sote tunamjua mgonjwa. Ni yule anayeandika "nipo ndani" kwenye grupu la WhatsApp, anaweka na kibendera, halafu siku mbili kabla ya safari anapata dharura. Watu huchukia, wengine humhurumia, pesa inarudishwa au hairudishwi kutegemea urafiki. Sisi tulipitisha sheria moja inayotokana na hesabu ileile, na tangu hapo hatujagombana: anayejitoa anarudishiwa ya kichwa, ya chombo haimrudii. Kiingilio hakijalipwa, chukua kiingilio chako. Chakula hujala, chukua. Lakini sehemu yako ya gari ilikuwa imeshapungua kwenye mabega ya wenzako, na ukiiondoa unawapandishia wao bei. Tulisema hivyo tangu siku ya kwanza ya kuchangishana, kabla hata shilingi haijatoka. Uzuri wake ni kwamba wale wa kibendera walijitoa mapema wenyewe.

Sasa tuje kwenye tarehe.

Kila Desemba, watani wa Wachagga husema Wachagga wanakwenda Moshi kuhesabiwa. Kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar, kinakuwa kama mnada, na kila mwaka kuna mtu anayelalamika kwamba nauli imepanda. Ukitazama kwenye karatasi, mara nyingi haijapanda. Nauli ya basi la mkoani ina kikomo kinachowekwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2023, basi la daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria, kwa hiyo safari ya kilomita 550 hivi haipaswi kuzidi sana shilingi 27,000. Kikomo hicho ni kilekile Machi na Desemba. Kinachobadilika Desemba ni kwamba kiti hakuna.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Bei inayodhibitiwa ikizidiwa na watu haipandi, inakwisha. Bei isiyodhibitiwa ikizidiwa na watu haikwishi, inapanda. Treni ya umeme ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, iliyoanza kubeba abiria hadi huko Julai 2024, ilianza na nauli ya shilingi 31,000 kwa daraja la kawaida, na ya Morogoro shilingi 13,000, mtoto wa chini ya miaka minne bure na wa miaka minne hadi kumi na miwili nusu. Hiyo nauli haiangalii kama ni Krismasi. Kwa hiyo kwenye treni na basi, kinachookoa pesa yako ni kuwahi. Ukichelewa, tiketi ya halali haipo, na hapo ndipo unapoangukia mikononi mwa mlanguzi, au ndani ya Noah isiyo na leseni inayotoza mara mbili na kukimbia usiku bila kupumzika. Pesa unayopoteza hapo ni bei ya kuchelewa, usimlaumu aliyepanga nauli.

Ndege na hoteli ni upande wa pili. Hoteli ya ufukweni Zanzibar haina kikomo chochote, na wiki kati ya Krismasi na mwaka mpya itakutoza inavyotaka. Julai na Agosti, wageni wa Ulaya wanapokuwa likizo, ni hivyohivyo. Kuwahi kunasaidia kidogo, lakini dawa yenyewe ni kuihama tarehe. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, hoteli zilezile zinatafuta watu. Nyingine zinafunga kabisa, kwa hiyo piga simu kabla. Mvua za masika si mchezo, sitakudanganya, kuna siku utakaa barazani ukihesabu matone. Lakini kuna asubuhi nyingi zenye jua, na bei ambayo usingeiota Desemba. Mimi napenda zaidi Novemba mwanzoni: vuli inanyesha kwa vipande vipande, bei haijapanda bado.

Watumishi wenye watoto shuleni watasema tarehe si zao, zimepangwa na shule: Juni na Desemba, basi. Ni kweli, na ndiyo sababu likizo ya familia ni ghali kuliko ya kijana asiye na mtoto. Bado kuna nafasi ndani ya hiyo likizo. Desemba 10 na Desemba 23 ni likizo moja ya shule, lakini si bei moja. Na si lazima uende kunakokwenda watu. Wakati nusu ya Dar inapanda kwenda Kaskazini, vyumba vya Morogoro mjini vinapatikana bila kubembeleza.

Kenya wana somo lao kuhusu bei zinazodhibitiwa. Treni ya Nairobi na Mombasa ilipoanza mwaka 2017, nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 700 za Kenya, ikawa 1,000, na tangu Januari 1, 2024 ni 1,500. Bei inayodhibitiwa nayo hupanda, ila hupanda kwa tangazo, siku moja, kwa wote, na haishuki msimu ukipita. Aliyezoea kupanga kwa nauli ya mwaka juzi anaumbuka dirishani. Ila mtu wa Nairobi akishafika Mombasa ana zawadi moja ambayo sisi wa Dar hatuna: kivuko cha Likoni ni bure kwa watembea kwa miguu. Sisi Kigamboni tunalipa shilingi 200. Si pesa, najua, lakini Likoni wamenipita hapo na inabidi nikiri.

Treni zote hizo mbili zina ujanja mmoja wa kukutoa pesa usiyoitarajia: kilomita za mwisho. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, si katikati ya mji. Ya Mombasa iko Miritini. Ya Nairobi iko Syokimau. Mtu amekaa kitini kwa raha, amelipa 13,000 kutoka Dar, anashuka na watu mamia kwa dakika moja, na wote wanataka usafiri kwa wakati mmoja. Bajaji zilizo mlangoni zinajua hivyo. Nimewahi kuombwa pale nje pesa inayokaribia nauli ya treni yenyewe. Nikavuka uzio na begi langu, nikatembea hatua kama mia tatu hadi barabarani, nikapata bajaji iliyokuwa inapita njia yake, kwa theluthi ya bei ile. Wa Nairobi wana afadhali, maana kuna treni ya mjini inayounganisha na stesheni kuu. Kwa safari yoyote fupi, andika kwenye daftari gharama ya mlango hadi mlango. Safari ya basi linaloshusha katikati ya mji mara nyingine inaishinda treni kwa ujumla, hata kama treni inaishinda basi kwa tiketi.

Tukiwa bado kwenye usafiri, niseme kuhusu basi la usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, wenye kubana matumizi walifurahi: unalala ndani ya basi, umeokoa gesti. Kuna siku hesabu hiyo ni sahihi. Lakini gesti zetu nyingi zina saa yake: siku yao inaisha saa 4 asubuhi. Ukishuka saa 11 alfajiri umechoka, macho mekundu, ukaomba chumba, mhudumu atakuambia kwa upole kwamba ukiingia sasa hivi, saa 4 siku imeisha, utalipa nyingine. Ukimwambia ni muda wa saa tano tu atakutazama kama anayesoma tangazo ukutani. Kwa hiyo usiku ulioukwepa umeulipia alfajiri. Kama huna ndugu wa kumwamsha, safari ya mchana inayofika jioni ni rahisi kuliko ya usiku. Au ufike, uache begi mapokezi, unywe supu taratibu, uingie chumbani baada ya saa 4. Jambo hilo la kuacha begi wengi wanakubali ukiomba vizuri.

Kitambulisho ni gharama ambayo watu hawaihesabu kabisa. Bei ya mwenyeji haitolewi kwa sura wala kwa Kiswahili kizuri. Getini wanataka kuona uraia wako, na asiye na kitambulisho anajiweka kwenye hatari ya kutozwa kama mgeni. Malipo ya hifadhi za taifa, zilizo chini ya TANAPA, nayo hayapokelewi kwa taslimu: unapewa control namba, unalipa kwa simu au benki. Ukifika na noti mfukoni na simu isiyo na salio utapoteza nusu saa ya asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya wanyama.

Hili linawauma zaidi ndugu zetu wanaotoka nje. Shangazi anarudi kutoka London au Muscat, amezaliwa mtaa wa Ng'ambo pale Unguja mjini, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, lakini pasipoti yake ni ya Uingereza au Oman. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo getini yeye ni mgeni, na boti ya kwenda Unguja anailipa kwa nauli ya wageni. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa pia kuwa na bima ya safari ya huko, dola 44 kwa mtu mzima. Familia isiyojua hili inapanga safari ya Mikumi kwa 5,900 kwa kila mtu, halafu getini inagundua kwamba shangazi na watoto wake wawili wanahesabiwa kwa dola, na anayeaibika ni mwenyeji aliyewaalika. Ulizeni pasipoti mapema. Si ubaguzi wala si kumnyanyapaa, ni hesabu.

Mkenya au Mganda akija huku analipa kiingilio cha Afrika Mashariki, kwa shilingi, kama sisi. Lakini akija na gari lake mwenyewe kupitia Namanga, gari lile lenye namba za nje hutozwa kwa dola. Yeye mwenyeji, gari lake mgeni. Ya kichwa na ya chombo tena. Wengi wamegundua ni nafuu kuliacha gari na kukodi la huku. Na kuna kizingiti kabla ya hapo: raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini kuingia Tanzania wanahitaji pasipoti au hati ya safari. Nasi tukienda kwao ni hivyohivyo, na pasipoti kwetu ni shilingi 150,000. Mume na mke wanaotaka kwenda kuona Mombasa kwa mara ya kwanza wameshatumia laki tatu kabla ya kufunga begi, na hapo ndipo wengi wanapoghairi. Ningewashauri waiangalie kwa miaka kumi ya pasipoti: ni elfu kumi na tano kwa mwaka kwa kila mmoja. Tatizo ni kwamba mtu akishaipata anaitumia mara moja, kisha inalala kabatini na vyeti vya shule.

Chakula nakipitia haraka, maana kila mtu anajua mama ntilie yuko wapi. Neno moja tu: bei ya chumba "pamoja na chai" isikupite hivihivi. Chai ya chapati mbili, yai na supu, saa 3 asubuhi, ni mlo unaokufikisha saa 9 alasiri. Chai ya mkate na majani yaliyochovywa ni jina tu. Uliza chai yenyewe ni nini. Forodhani jioni nenda, ukatembee, ule kimoja cha kuonja. Kushiba nenda mitaa ya nyuma kwenye urojo wa watu wa hapo.

Na makato ya simu. Mtu safarini hutoa pesa kwa wakala kidogokidogo, elfu kumi asubuhi, elfu kumi na tano mchana, akiogopa kuibiwa, na kila anapotoa anakatwa. Kwa siku nne makato yanafika bei ya mlo mzuri wa samaki. Lipa kwa namba ya malipo panapowezekana, na ukitoa, toa mara moja, gawanya mifukoni.

Mikumi tulirudi. Safari hii tulikuwa saba: sisi wawili, majirani wawili, shemeji yangu, fundi wa mtaani kwetu na binti yake wa miaka kumi na saba ambaye hakuwahi kutoka Dar. Tulichangishana tangu Mei kwa mtunza hazina, ambaye ni jirani wa kike asiyetabasamu linapokuja suala la pesa, na hiyo ndiyo sifa tuliyomchagulia. Treni hadi Kihonda, kutembea hadi barabarani, basi la Msamvu hadi Mikumi mjini, gesti vyumba vinne. Ubishi wa chumba cha nne uliisha fundi aliposema binti yake ndiye alale peke yake, kwa kuwa katika maisha yake hajawahi kuwa na chumba chake. Tukagawana bei ya chumba hicho sote, naye akafunga mlango kwa ndani saa 2 usiku.

Asubuhi tuliingia hifadhini viti vyote vikiwa vimejaa, magoti yakigusana. Simba hatukumwona. Tuliporudi Dar mtunza hazina alifunga hesabu, ikabaki chenji ya shilingi 2,150 kwa kila mtu. Alipotaka kuzituma kwa simu, fundi akamzuia: makato yatakula, bora anunue soda saba. Tukazinywa dukani kwa Mpemba, tumesimama, tukibishana kama yule mnyama wa kwanza tuliyemwona barabarani alikuwa pofu au pongo.